Kozi ya Uyoga ya Wifi Leokadia

Mimi uyoga sili. Nalisema mapema nisije nikadhaniwa mtaalamu. Katika mji wetu wa Olszanka, huku Poland, ambao msitu umeuzunguka pande zote, mtu asiyekula uyoga hutazamwa kama mgonjwa, na mimi nimetazamwa hivyo tangu utoto wangu na sijafa. Kazi yangu ilikuwa kusuka na kukata nywele za watu. Mwenye akili za uyoga alikuwa wifi yangu Leokadia, mke wa marehemu kaka yangu Hieronim. Tangu kaka atutoke tunakaa nyumba moja, yeye juu mimi chini, na tunagombana kama mawifi wanavyotakiwa kugombana.

Leokadia alifanya kazi ofisi ya afya ya wilaya mpaka nywele zikageuka mvi. Alikuwa na meza yake pale mlangoni, yenye kitambaa cha plastiki. Jumapili watu wa kwetu huingia msituni, kwa hiyo Jumatatu walipanga foleni na vikapu. Yeye aliumimina uyoga mezani, akaugeuza mmoja mmoja: huu kaule, huu katupe, na huu tafadhali nenda kanawe mikono kwanza. Hakumtoza mtu hata senti. Akiletewa uyoga uliokatwa bua, aliuliza neno moja tu: "Mguu uko wapi?" Kama mguu haukuwepo, uyoga ulikwenda kwenye ndoo ya taka, hata angekuwa ameuleta meya.

Sababu yake ni hii. Kuna uyoga uitwao kania, mkubwa kama kofia ya padri, ambao watu wa kwetu huuchovya kwenye yai na chenga za mkate, wakaukaanga kama katlesi, na watoto wanaupenda kuliko nyama. Tena kuna sromotnik, ambao unaua. Kwa mtu mwenye haraka hufanana, hasa ukiwa bado mchanga na mvua imeusafisha. Tofauti iko chini. Sromotnik umesimama ndani ya mfuko mweupe uliojificha udongoni, na pete ya shingoni mwake haisogei. Kania hauna mfuko, na pete yake unaipandisha na kuishusha kama ya kidoleni. Ukikata chini ya kofia tu, mfuko umeuacha ardhini na pete umeiacha kwenye bua, na ulichobeba nyumbani ni bahati nasibu.

Ofisi ilipopata mkuu mpya, Bi Pacholska, meza ilifungwa. Alimwita Leokadia, ambaye alikuwa ameshastaafu na akija kwa kujitolea tu, akamweleza kuwa siku hizi watu hawaji na vikapu, wako kwenye simu. Akamtaka atengeneze kozi ya mtandaoni ya kutambua uyoga, wilaya nzima isome, na Poland yote ikipenda. Wifi alirudi nyumbani mwekundu kwa hasira. Nilimwambia akatae, awaachie laana yao. Akanitazama vile anavyonitazama ninapoongea upuuzi.

"Teofila, kwenye meza yangu halijatoka jeneza hata moja," alisema. "Nikikataa, watamtafuta mtu asiyejua lolote. Nikikubali, halitatoka jeneza kwenye kompyuta yao pia. Basi."

Hiyo ndiyo nadhiri aliyoiweka, jikoni kwangu, akiwa ameshika sufuria yangu ya viazi. Naitaja kwa sababu yote yaliyofuata aliyapima kwa nadhiri hiyo, wala si kwa kitu kingine.

Sitasema uongo: aliianza kozi vibaya. Alikaa mbele ya kamera akasoma kurasa baada ya kurasa, kwa Kilatini na bila Kilatini. Nilikuwa mwanafunzi wake wa majaribio, kwa hoja yake kwamba nikielewa mimi, hata mbuzi ataelewa. Nililala. Aliponiamsha akakuta sikumbuki chochote ila rangi ya fulana yake, akachana karatasi zote. Akaanza upya kwa akili. Kila somo lilikuwa la uyoga mmoja tu, na mwanzoni aliuliza mtu ataweza kufanya nini likiisha. Somo halikupita muda wa kuchemsha chai. Kati yake kulikuwa na maswali ya picha, na aliyekosea hakuambiwa "umekosa", bali alirudishwa atazame tena. Akafungua na ukumbi wa wanafunzi, mahali pa kuuliza na kutuma picha, naye alimjibu kila mtu, hata wale wajinga. Mimi, Teofila, nisiyekula uyoga, nilifika somo la mwisho nikiweza kutaja tofauti za kania na sromotnik usingizini.

Jambo moja tu lilimkera. Alisema maswali ya picha yanapima macho, na uyoga unachumwa kwa mkono. Alitaka pasiwe na cheti mpaka kila mwanafunzi ajipige video akiwa msituni, akichuma uyoga mmoja tangu mwanzo hadi kikapuni, na yeye aitazame. Bi Pacholska akakataa. Watu watachoka, wataacha katikati, na wakubwa katika mji mkuu, Warszawa, wanahesabu waliomaliza. Wifi alibishana, kisha akakubali. Sikuwahi kumwona akikubali kitu upesi hivyo, na nilidhani ni uzee.

Badala yake Bi Pacholska alimkodi mpiga video za harusi atengeneze kipande kizuri cha kufungulia. Kikatoka kizuri kweli. Ukungu wa asubuhi, kinanda kwa mbali, Leokadia na koti lake la kijani anatembea kati ya miti, anainama, ananyoosha mkono na kisu cha kukunja cha kaka yangu, anachuma kania, anaunusa, anaweka kikapuni, anatabasamu. Nililia nilipokiona kisu cha kaka. Bi Pacholska akakipenda mno, akaagiza kiwekwe mwanzoni mwa kila somo, na hakirukwi.

Kozi ikashika moto. Watu walisoma hata kutoka mbali kama Poznań. Ofisi ikapewa tuzo ya kioo, ikakaa dirishani palepale palipokuwa na meza. Mwanafunzi aliyempendeza wifi kuliko wote alikuwa wa hapa hapa Olszanka, Dobrochna, mwalimu wa chekechea, mkwe wa Bi Apolonia wa duka la mikate. Mumewe anaendesha malori Ujerumani, na yeye hubaki na binti yao Jagna, mtoto wa miaka sita mwenye pengo la meno na maneno mengi. Dobrochna alipata alama zote. Kwenye ukumbi aliwajibu wenzake kabla ya wifi kuamka. Mara nyingine aliandika kuwa Jagna naye anasoma, amekaa mapajani mwake. Leokadia, ambaye hakujaliwa mtoto, alinisomea maneno hayo mezani kwa sauti, na alipomaliza aliyasoma tena.

Septemba mvua ilinyesha vizuri. Dobrochna akaingia msituni na mwanawe, akarudi na kania, akazikaanga jioni.

Sromotnik hauna haraka. Unakuacha ulale. Alfajiri wakaanza kutapika, mama na mtoto, na waliendelea hivyo mchana kutwa. Kisha wakapata nafuu. Huo ndio ukatili wake: unakupa siku ya kupumua, unaomba hata supu, na wakati huohuo ini linaoza. Jagna aliomba keki kwa bibi yake, akala kidogo, akacheka. Kesho yake alikuwa wa njano. Wakawapeleka wote wawili Warszawa, na mtoto akawekwa kwenye foleni ya ini ambalo halikufika.

Tukamzika Jagna mama yake akiwa bado kitandani na mipira mwilini. Sitaeleza mazishi. Jeneza lilikuwa jeupe na fupi, na baba yake alilibeba peke yake.

Mji ukatafuta wa kumlaumu na haukwenda mbali. Kanisani, sokoni, kwenye foleni ya mikate, wimbo ulikuwa mmoja: sikio la kufa halisikii dawa. Amesoma kozi nzima, ana cheti, kaambiwa achimbue, kafanya uzembe. Bi Apolonia aliuza mikate amevaa nyeusi, na kila aliyempa pole alimwambia wazi kwamba mkwe wake amemuua mjukuu wake na hatakanyaga tena nyumbani kwake. Ofisi nayo ikatoa tangazo. Kozi imekaguliwa, somo la kania halina kosa, limesema wazi kwamba uyoga uchimbuliwe mzima.

Wifi alikuwa ameshalikagua kabla yao. Siku ileile ya habari alifungua somo hilo akalisikiliza ameshika mdomo. Halikuwa na kosa. Nilidhani atapata ahueni, lakini alipandwa na hasira, hasira ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake bora amempuuza, na chini ya hasira kulikuwa na ile nadhiri ya jikoni. Jeneza limetoka. Alitaka kujua limetokaje. Akasema tunakwenda Warszawa.

Dobrochna alikuwa amekonda, macho yana manjano. Nilibeba maua. Wifi hakubeba kitu, na hakuanza hata na pole. Nilitamani kumfinya.

"Nilikwambia uchimbue," alisema.

"Ulisema, Mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Chimbua mzima, tazama mguu, sogeza pete. Yote nayakumbuka. Usiku nayasema."

"Sasa ulikata kwa nini?"

Dobrochna alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu.

"Nilikata kama wewe."

"Mimi nimekata lini?"

"Pale mwanzo, Mwalimu. Kila somo." Akapumzika kidogo. "Hata Jagna alikuwa anajua. Ana kisu chake cha plastiki cha kuchezea. Video ikianza anashuka mapajani kwangu, anakwenda kwenye zulia, anainama, anakata, ananusa, anaweka kikapuni. Halafu ananiuliza, nimefanya kama bibi wa uyoga? Namwambia, kama yeye kabisa."

Leokadia alikaa. Hakukuwa na kiti, alikaa ukingoni mwa kitanda, juu ya shuka, na nesi alipokuja kumkemea hakumsikia.

Nyumbani tuliitazama ile video. Ukungu, kinanda, koti la kijani. Mkono unashuka na kisu cha kaka yangu, unapita chini kidogo ya kofia, kwisha. Haukusita hata kidogo. Wifi aliirudisha mwanzo, akaitazama tena, na tena, mpaka nikachomoa waya ukutani.

Mimi niliiona video hiyo mara zisizo na idadi, Bi Pacholska pia, na watu wa Poznań pia, na hakuna aliyeona kitu. Kwa nini tuone? Ndivyo tunavyochuma sote. Baba zetu walitupiga vibao vya mikono tuking'oa uyoga: kata kwa adabu, uache mzizi ulale, anayeng'oa anaiba uyoga wa mwakani. Wakaguzi wa uyoga wanasema hilo halina ukweli, na wifi mwenyewe amelisema hilo darasani. Lakini alikuwa binti wa baba yake kabla ya kuwa mtaalamu, na kania ile aliijua tangu mbali, hakuwa na shaka nayo. Mkono ukafanya ulichozoea. Mazoea yana taabu. Kwa mdomo alifundisha mara moja, kwa mkono alifundisha kila somo, na mwanafunzi mwema aliufuata mkono.

"Ningewaomba zile video zao za msituni," alisema. "Wa kwanza tu angenitumia, ningeona. Ningejiuliza wote hawa wamejifunza wapi kukata."

Nilimwambia asijitese, maji yakimwagika hayazoleki. Akanijibu kwamba kikombe bado kinamwaga, kwa sababu video iko hewani na ni Septemba.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Pacholska kuomba kipande kile kiondolewe siku hiyohiyo. Akaambiwa kwamba hicho ndicho kinachowavuta watu, na kwamba kukiondoa sasa ni sawa na kukiri, na mwanasheria amekataza. Mwakani, labda, watapiga kingine. Wifi akarudi akaandika mwenyewe kwenye ukumbi wa wanafunzi: mkono wangu unawadanganya, msiufuate, mtoto amekufa. Ujumbe ulifutwa kabla chai haijapoa. Alipojaribu tena, neno lake la siri halikufungua kitu. Kozi ilikuwa na sura yake, sauti yake na mkono wake, na yeye alikuwa amefungiwa nje.

Akaenda duka la mikate. Nilimfuata kwa woga. Mbele ya foleni nzima alimweleza Bi Apolonia tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujitetea, kwamba Dobrochna hakuzembea, alifanya vile alivyoonyeshwa, na aliyemwonyesha ni yeye. Bi Apolonia aliendelea kufunga mkate wa mteja, akaikunja karatasi vizuri pembe zote.

"Basi mko wawili," alisema. Akamhudumia aliyefuata.

Tulipotoka wifi alitembea wima mpaka kona ya posta, akashika ukuta. Nilimshika mkono. Hatukuwa tumewahi kushikana mikono sisi, hata kaka alipokufa.

Jumatatu akaitoa meza yangu ya kukunja, ile ninayoanikia nyanya, akaibeba hadi nje ya ofisi ya afya, akaitandika kitambaa cha plastiki. Nilibeba kiti na mwavuli. Tulikaa chini ya dirisha lenye ile tuzo ya kioo. Bi Pacholska akatuma mlinzi, lakini mlinzi huyo mama yake alikuwa mteja wangu wa nywele, akasema kwamba njia ya waendao kwa miguu si ya ofisi, akarudi ndani.

Watu hawakuja. Walipita na vikapu vyao wakatusalimu kwa heshima ile wanayopewa wendawazimu. Wana vyeti, waje kufanya nini? Wifi aliwaita. Wengine walivuka barabara. Jumatatu ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na mvua juu yake.

Jumatatu ya tatu akapita fundi mmoja wa mabomba, mtu mnene mwenye mzaha, kikapu kimejaa kofia za kania zilizopangwa kama sahani. Leokadia alinyanyuka akakishika kikapu.

"Mguu uko wapi?"

"Mwalimu, mguu wa nini?" akacheka. "Nimekata kama unavyokata wewe. Cheti chako kiko ukutani kwangu, pembeni ya Bikira Maria."

"Zitupe."

"Nizitupe? Nimeamka usiku kwa ajili ya hizi."

Akavuta kikapu, na wifi naye akavuta. Fundi akaacha kucheka. Akamwambia kwamba amepoteza akili kwa sababu ya yule mwanamke mzembe, kwamba mji wote unajua kuchuma uyoga tangu enzi za babu, na asipoachia atamsukuma, mwalimu au si mwalimu. Nilifunga mwavuli nikaushika kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari kumpasua nao.

Basi la Warszawa lilikuwa limesimama ng'ambo. Sikumwona akishuka. Nilimwona alipokuwa ameshafika mezani, koti limemzidi, begi la hospitali begani. Dobrochna hakutusalimu. Aliinamia kikapu, akatazama zile kofia muda mrefu, akagusa moja kwa ncha ya kidole.

"Nyumbani mko wangapi?" alimuuliza fundi.

Fundi alimtambua. Mkono wake ukalegea kwenye kikapu. Akajibu kuwa wako watano, na wajukuu.

"Nani anazipenda zaidi?"

"Kale kadogo," fundi alisema. "Bogusia. Kanaweza kula hata mbili."

"Wangu pia," alisema Dobrochna. "Alimaliza yake akaomba tena. Nikampa na nusu ya yangu. Ndiyo maana mimi nimebaki."

Fundi akakichukua kikapu chake taratibu, akaenda kwenye pipa la taka la ofisi, akakikung'uta mpaka jani la mwisho. Hakurudi kutuaga.

Leokadia alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia. Alimsukumia Dobrochna kiti chake. Dobrochna akakitazama, akamtazama na mwenye kiti, na nilidhani atamtemea mate. Ningemwelewa. Akaweka begi chini ya meza, akakaa. Wifi akabaki wima pembeni yake mpaka jioni.

Kozi bado iko mtandaoni. Ukungu, kinanda, mkono unashuka. Nasikia msimu huu wamejiandikisha wengi kuliko mwaka jana. Jumatatu tunakaa watatu nje ya ofisi, na siku hizi nabeba viti vitatu.